Mpira wa Pawa wa Gari la Bwana Oltmans

Jumatatu ya wiki ya Sherehe ya Mahindi, Verlyn Oltmans aliwasha gari lake la mwaka 1964, akakata usukani wote kushoto ili alitoe gerejini, na papo hapo akasikia chini ya boneti sauti kama ya mtu aliyepiga chafya akiwa amefunga mdomo. Usukani ukawa mzito ghafla. Alizima injini, akashuka, akapiga magoti taratibu kama anavyopiga magoti mtu wa miaka sabini na mbili. Mafuta mekundu yalikuwa yanatandaa kwenye sakafu aliyoipaka rangi ya kijivu kwa mkono wake mwenyewe.

Mlango wa jikoni ulifunguka, mkewe Arlys akachungulia.

"Limekufa?"

"Halijafa. Linatoka jasho."

"Jasho jekundu?"

"Ni mpira wa pawa," alisema Verlyn kutoka chini ya gari. "Ule unaopeleka mafuta kutoka kwenye pampu kwenda kwenye usukani. Umepasuka katikati."

"Na Jumamosi?"

Wote wawili walijua Jumamosi ilikuwa na nini.

Kwa miaka ishirini na sita mfululizo gari hilo lilikuwa limebeba mgeni rasmi wa gwaride la Sherehe ya Mahindi mjini Holsten, jimbo la Iowa, Marekani. Lilikuwa limembeba jaji, mkulima aliyevuna boga la kilo mia nne, madaktari wawili wa mifugo, na mwaka mmoja mbwa aliyeokoa watu kwenye moto. Mwaka huu kamati ilikuwa imemchagua Arlys Oltmans, mpishi wa shule kwa miaka thelathini na minne, mwanamke ambaye nusu ya kamati yenyewe ilikuwa imekua kwa mikate yake. Verlyn alikuwa amewaendesha watu wote hao huku akitazama mbele na kujiambia kuwa siku moja angembeba mtu anayemjali kweli. Siku hiyo ilikuwa imefika, na gari lilikuwa linatoka jasho.

Kamati ilikuwa na gari la akiba. Lilikuwa la Gaylen Roskens, gari la wazi, jeupe, lenye viti vyekundu. Gaylen ndiye aliyempeleka Arlys kwenye dansi ya mwisho ya shule ya sekondari, miaka mitatu kabla Verlyn hajapata ujasiri wa kumsalimia. Hakuna aliyelitaja jambo hilo siku hizi, isipokuwa Verlyn, na yeye alilitaja kila aliposema kwamba hakuna haja ya kulitaja.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini asiendeshe tu bila pawa. Jibu lilikuwa kwenye bega lake la kulia. Verlyn alikuwa amepeleka barua mashambani kwa miaka thelathini na mitatu, akikaa kiti cha abiria, ambacho kwenye magari ya huko kiko kulia, mguu wa kushoto kwenye breki na mkono wa kushoto kwenye usukani, huku mkono wa kulia ukitoka dirishani kulisha masanduku ya barua, moja baada ya jingine, mvua, theluji au vumbi. Bega lilichakaa kama bawaba. Alipostaafu lilikuwa linafika usawa wa sikio na hapo linagoma. Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa ng'ombe watatu walioshiba, na kwa mwendo wa gwaride, ambao ni mwendo wa mtoto aliyebeba tarumbeta, usukani usio na pawa huwa mzito mara mbili. Na kwenye njia ya gwaride kulikuwa na kona kali, ya maghala ya nafaka. Kona hiyo isingekatwa kwa bega moja. Kumpa mtu mwingine ufunguo ni wazo ambalo halikumjia kabisa.

Gari alikuwa amelinunua kwa mama mjane aliyekuwa kwenye njia yake ya barua, Bibi Hinrichs, baada ya kulitamani kupitia ufa wa mlango wa ghala kwa miaka tisa. Bibi huyo alimuuzia kwa sharti kwamba asilipake rangi nyingine. Verlyn alilipokea sharti hilo kama wengine wanavyopokea ubatizo. Hakubadilisha rangi, wala kitambaa cha viti, wala hata balbu bila kutafuta ile ile ya kiwandani. Chama cha magari ya zamani kilipohitaji mwamuzi wa kukagua kama magari yamebaki kama yalivyotoka kiwandani, kilimchagua yeye, na hakikuchukua muda kujuta. Aliwahi kumkata mtu nusu alama kwa sababu skrubu ya kibanio cha mpira ilielekea kulia badala ya kushoto.

Jumanne mchana mpira mpya ulifika kwenye duka la vipuri. Jolene, aliyekuwa amesimama nyuma ya kaunta ile kwa miaka kumi na minane, aliuweka mbele yake kwa fahari ya haki. Verlyn aliupima kwa ule wa zamani. Urefu ulikuwa sawa, nati zilikuwa sawa, hata vichwa vya chuma vilikuwa vimepinda kama inavyotakiwa. Alikwenda nao nyumbani, akaulaza juu ya pampu, akautazama kwa nusu saa, kisha akaurudisha dukani.

"Haukuingia?" aliuliza Jolene.

"Unaingia vizuri tu."

"Sasa?"

"Una maandishi meupe. Wa kiwandani una mstari wa njano. Halafu huu unang'aa."

Jolene aliuchukua mpira, akauzungusha mkononi, akamtazama. "Mzee Verlyn. Huu mpira unakaa chini ya pampu, nyuma ya mkanda, juu ya fremu. Nani atauona?"

"Mimi."

"Basi usiiname."

Hakumjibu, maana lilikuwa jibu zuri na alihitaji muda wa kulikasirikia.

Jumatano aliendesha gari dogo la Arlys maili kumi na sita hadi kwa Duane Tiedeman. Duane alikuwa amenunua akiba yote ya duka la magari lililofungwa zamani, akaihifadhi kwenye banda la kuku. Kuku wa mwisho alikuwa ameondoka humo zaidi ya miaka thelathini iliyopita lakini harufu yake haikuwa imepata taarifa. Walipita kati ya rafu, Duane mbele na tochi, Verlyn nyuma akisoma namba za maboksi kwa sauti ya chini. Kwenye rafu ya mwisho, chini ya taa nne za breki, palikuwa na boksi la bluu lililofifia, na juu yake namba ambayo Verlyn aliijua kuliko tarehe ya kuzaliwa ya binti yake.

Duane alilifungua polepole. Ndani ulilala mpira mweusi wenye mstari wa njano, umepakwa poda kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Haujawahi kuguswa," alisema Duane.

"Tangu lini?"

"Tangu mimi nina nywele."

Verlyn aliunusa. Alipitisha kidole kwenye mstari wa njano. Kwa uaminifu wa mtu anayetafuta kushawishiwa, aliuliza kama mpira wa miaka zaidi ya hamsini unaweza kweli kubeba mafuta yanayosukumwa kwa nguvu.

"Mpira hauzeeki kama haujafanya kazi," alisema Duane.

Verlyn alikubali kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa hajafanya kazi kwa miaka minane na alizeeka kila siku, lakini hakuiona sababu ya kulileta hilo kwenye mazungumzo. Alilipa alichoambiwa na akaondoka na boksi likiwa kiti cha mbele, limefungwa mkanda.

Alhamisi asubuhi aliufunga. Ilichukua saa mbili, kwa sababu spana ilihitaji kuingia mahali ambapo bega halikutaka kwenda. Arlys alikuwa ameshika tochi.

"Miaka yote hiyo ndani ya boksi," alisema Arlys. "Ningekuwa mimi ningepasuka siku ya pili."

"Ulihifadhiwa vizuri."

"Hata maiti huhifadhiwa vizuri. Nisogeze tochi?"

"Kidogo kushoto. Na usiseme maneno kama hayo karibu na injini."

Mafuta yaliingia, injini ikaguna, usukani ukawa mwepesi. Verlyn aliliendesha hadi uwanja wa kuegesha magari wa kanisa la Kilutheri, ambako palikuwa na nafasi ya kuzunguka, na ambako akina mama wa kanisa walikuwa ndani wakioka pai za Jumamosi. Alizunguka kushoto mara moja. Alizunguka kulia mara moja. Kisha, kwa furaha, akakata usukani wote hadi mwisho.

Safari hii haikuwa chafya. Mpira ulichomoka kwenye kichwa chake cha chuma, kichwa hicho kikaruka kwenye feni, feni ikakirudisha kikiwa kimepinda kama kijiko, na mafuta yote mekundu yakamwagika juu ya mistari mipya ya maegesho iliyokuwa imepakwa Jumatatu. Akina mama watano walitoka wakiwa na unga mikononi. Bonnie Ahlers, aliyekuwa mkubwa wao, aliyatazama mafuta, akalitazama gari, akamtazama Verlyn.

"Hiyo ni tofauti kidogo," alisema.

Katika mji ule hakuna tusi zito kuliko hilo.

Gari lilivutwa nyumbani kwa trekta la Bonnie. Verlyn alikwenda moja kwa moja kwenye simu na kumpigia Jolene.

"Ule mpira wenye maandishi meupe," alisema. "Nimeufikiria upya."

"Nimeuuza asubuhi."

"Kwa nani?"

"Kwa Gaylen. Injini yake ni kama yako. Alisema anataka akiba."

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu, Gaylen mwenyewe aliingia uani kwa miguu, mpira ukiwa umemzunguka shingoni kama skafu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye meno yake yote, na hilo pia Verlyn alikuwa ameliona zamani.

"Nimesikia ya kanisani," alisema Gaylen.

"Mji mzima umesikia."

"Haya, ndio huu. Chukua ufunge."

Verlyn alitamani kuudaka papo hapo. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri katika nchi ile hapokei kitu mara ya kwanza, hata akiwa anazama na anachopewa ni kamba.

"Hapana, hapana," alisema. "Huo ni wako. Wewe umenunua."

"Mimi sina haraka nao. Gari langu zima. Chukua bwana."

"Aa, hapana. Nitakuwa nakusumbua tu."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Sasa Gaylen alipaswa kusema usumbufu gani, Verlyn, shika, naye Verlyn angesema basi kama unasisitiza, na mambo yangeisha. Ndivyo watu wa Holsten wanavyopeana kahawa, pai, mbwa na mashamba. Tayari mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuinuka.

"Haya, sawa," alisema Gaylen. "Ukibadili mawazo nipo." Akageuka, akaondoka na mpira wake shingoni.

Verlyn alibaki amesimama, mkono ukiwa nusu njia. Dirisha la jikoni lilifunguka.

"Ameondoka nao?" aliuliza Arlys.

"Imebaki mara moja."

"Mara moja ya nini?"

"Ya kunibembeleza. Nimekataa mbili tu."

Arlys alifuta mikono kwa aproni, taratibu, kama mtu anayehesabu hadi kumi. "Verlyn. Gaylen ameishi Arizona miaka kumi na mmoja. Watu wa huko ukiwaambia hapana wanaamini."

"Mtu hasahau malezi yake."

"Amesahau. Mwite."

"Nitamwitaje? Nimeshakataa."

"Kwa hiyo kesho kutwa nikae kwenye gari la Gaylen kwa sababu wewe una adabu?"

Verlyn alikwenda gerejini. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbele ya gari lililokuwa halina mpira. Ni kweli alitaka Arlys akae kwenye gari hili, lakini kwa mara ya kwanza aliona wazi kwamba kuanzia Jumatatu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsogeza kwenye viti vile vyekundu. Alikuwa ameurudisha mpira uliofaa. Alikuwa amefunga uliokufa. Alikuwa ameukataa uliokuja nyumbani kwa miguu yake.

Ijumaa saa nne asubuhi aliingia kwenye karakana ya LaVonne Schnoor, nyuma ya ushirika wa wakulima. LaVonne alitengeneza mipira ya mafuta ya matrekta na mashine za kuvunia. Hakuna mtu wa chama cha magari ya zamani aliyewahi kuingia pale, au kama aliingia, hakukiri.

"Trekta gani?" aliuliza LaVonne bila kuinua macho.

"Si trekta."

LaVonne aliinua macho. Verlyn aliweka kwenye kaunta taulo lililokunjwa, akalifungua. Ndani ulikuwamo mpira wa Jumatatu, ule ambao gari lilitoka nao kiwandani, wenye mstari wa njano na kikaratasi kidogo ambacho namba zake zilisomeka bado. Alikuwa ameshapanga kuutengenezea sanduku la kioo.

LaVonne aliugeuza mara mbili. "Kazi ya dakika ishirini. Mpira ninao, ila vichwa vya chuma vilivyopinda namna hii sina, na leo huwezi kuvipata popote. Nakata hapa na hapa, navua vichwa hivi, nabana kwenye mpira mpya."

"Unakata."

"Nakata."

"Huu."

"Una mwingine?"

Verlyn alitoa mfukoni kile kichwa kilichopinda kama kijiko. LaVonne alikitazama kidogo, akakitupa kwenye pipa la vyuma.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza Verlyn.

"Ipo. Kesho uchukue kiti, ukae kando ya barabara, umpungie mkeo mkono akipita. Nafunga saa sita, Verlyn. Nina pai tatu za kanisa za kuoka, na Bonnie ameshaniambia jikoni wamezidiwa."

"Huu umekuwa kwenye gari tangu siku ya kwanza. Kikaratasi hiki kilibandikwa na mtu wa kiwandani."

"Kikaratasi utakichukua."

Alikibandua kwa ukucha, akakiweka kwenye pochi, nyuma ya leseni. Kisha akamsogezea LaVonne mpira, lakini vidole havikuuachia. LaVonne alivuta upande wake kwa upole. Kwa muda walisimama hivyo, kila mmoja na ncha yake, kama watoto wanaovutana kamba.

"Verlyn," alisema LaVonne. "Achia."

Aliachia. Msumeno ulipoanza kulia alikwenda dirishani akasoma maandishi yote kwenye tairi la trekta lililoegemezwa nje, pamoja na nchi lilikotengenezwa. Alipogeuka, LaVonne alikuwa ameshikilia kitu kinene, cheusi, chenye maandishi mekundu makubwa mwili mzima, ambayo hata asiye na miwani angeyaona.

"Huu unainua jembe la tani tatu," alisema.

"Mimi nataka kukata kona tu."

"Basi utakata."

Mchana ule aliufunga. Aliwasha injini, akakata usukani wote kushoto akaushikilia hapo, kisha wote kulia akaushikilia hapo, huku amefumba macho. Kisha akalala sakafuni na gazeti jeupe chini ya pampu, akakaa dakika arobaini. Gazeti lilibaki jeupe. Arlys aliketi kwenye usukani akauzungusha kwa kidole kimoja, huku na huku, muda mrefu kuliko majaribio yalivyohitaji.

"Una maandishi," alisema Verlyn kutoka chini.

"Yanasemaje?"

"Yanasema nisiukanyage."

"Ushauri mzuri. Inuka, mafuta yatakuharibia shati la kesho."

Jumamosi saa nne gwaride lilianza. Mbele ilikuwa bendi ya shule, nyuma yao gari la Verlyn, na nyuma yake matrekta arobaini. Arlys alikaa nyuma, madirisha yote yakiwa chini, katika gauni la rangi ya buluu, akirusha pipi kwa mikono miwili. Alizirusha kama alivyogawa chakula shuleni, akihakikisha aliyekosa anapata na aliyezidisha anaonywa. Watu wazima wenye vipara walisimama kandokando ya barabara na kumwita Mama Arlys, na mmoja alimuomba radhi kwa viazi alivyomwaga akiwa darasa la pili.

Kisha yakaja maghala ya nafaka. Bendi ilikata kona, tarumbeta zikapotea nyuma ya ukuta, na Verlyn akaona kwamba usukani wote kulia ndio huu sasa, kwa mwendo wa konokono, huku mji mzima ukiwa umepanga viti mahali hapo hapo kwa sababu ndipo penye kivuli. Alipumua. Akakata. Mikono ilikwenda kama inayogeuza ukurasa. Pua ndefu ya gari ikazunguka, ikazunguka, ikanyooka, wala halikudondoka tone.

Gaylen Roskens alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha kukunja, kofia magotini. Alisimama, akapiga makofi, na uso wake haukuwa na kitu kingine zaidi ya furaha. Verlyn alimtafuta ubaya usoni akaukosa. Ikabidi amwinulie mkono wa kulia, akaupandisha hadi bega lilipokubali, karibu na sikio, na akauacha hapo kwa fahari huku gari likiendelea kwenda.

"Verlyn," alisema mgeni rasmi kutoka kiti cha nyuma, bila kuacha kurusha pipi, "shika usukani kwa mikono miwili. Umebeba mtu."

"Ndiyo, mama," alisema Verlyn, akaushika.